Andalio la Soko si Andalio la Somo

Mwalimu yeyote aliyepitia chuo cha ualimu, kiwe cha Kasulu, cha Kabanga au kingine chochote nchini, anajua kwamba kuingia darasani bila andalio la somo ni kosa. Andalio humlazimisha mwalimu aamue mapema atafundisha nini, kwa muda gani, kwa zana zipi, na atajuaje kwamba wanafunzi wameelewa. Mwishoni huachwa nafasi ya tathmini, ili kesho isiwe marudio ya makosa ya leo. Ni kazi ya kuchosha, na wapo wanaoifanya kwa ajili ya kumridhisha mthibiti ubora tu. Lakini hakuna awezaye kukana kwamba shule ambayo walimu wake huandaa masomo ni tofauti kabisa na shule ambayo walimu wake hubahatisha.

Pengine ni kwa sababu ya mazoea hayo kwamba walimu na watumishi wengine wa umma huwa wepesi kuvutiwa na aina mpya ya programu za simu, zile zinazomwongoza mtu siku baada ya siku katika maandalizi ya biashara ya sarafu na bidhaa za masoko ya dunia. Zamani mambo ya namna hiyo yalikuwa ya mijini. Leo hayana mji. Tangu mwaka 2022, Kibondo na Kasulu zilipounganishwa na gridi ya Taifa na majenereta ya dizeli yakazimwa, kuchaji simu si jambo la kubahatisha kama ilivyokuwa, na chati ya bei za London huonekana katika nyumba ya mwalimu kama inavyoonekana Dar es Salaam. Kwa hiyo yafaa jambo hili litazamwe kwa makini, bila kulishangilia na bila kulilaani kabla ya kulielewa.

Programu hizo hufanya kazi hivi. Kila asubuhi, kabla ya soko kuchangamka, kengele ya simu hulia. Mtumiaji huulizwa kwanza juu ya hali yake mwenyewe: je, amelala vya kutosha, ana hasira, ana deni linalomsumbua moyo? Kisha huongozwa kutazama kalenda ya habari za uchumi za siku hiyo, kama vile takwimu za ajira za Marekani au uamuzi wa benki kuu fulani juu ya riba. Baada ya hapo hutakiwa kuweka alama kwenye chati katika viwango ambavyo bei imewahi kugota au kugeukia. Kuchagua sarafu moja au mbili na kuziacha nyingine. Na kuandika, kabla hajanunua wala kuuza, ataingia kwa bei gani, atatoka kwa bei gani akipata faida, na atakubali kushindwa kwa bei gani. Hukumbushwa asihatarishe zaidi ya sehemu ndogo ya mtaji wake, aghalabu asilimia 1, katika biashara moja. Jioni hurudi kuandika yaliyotokea, ili ajisomee makosa yake.

Haki lazima isemwe. Hakuna ubaya wowote katika hatua hizo. Anayezifuata ni afadhali mara nyingi kuliko yule anayenunua kwa kusikiliza uvumi wa kundi la simu. Wala si sawa kuzichanganya programu hizi na upatu, ambao Watanzania wameujua kwa machungu, tangu ule wa DECI uliosimamishwa mwaka 2009 hadi mpango wa mtandaoni uliojulikana kwa jina la LBL, ambao mapema mwaka 2025 uliwafanya polisi wakamate watu katika mikoa mbalimbali. Katika upatu, faida ya aliyetangulia ni akiba ya aliyechelewa, na hapana zaidi. Programu ya maandalizi haiahidi kuzalisha fedha. Inauza utaratibu.

Hoja, basi, si kwamba programu hizo ni za kitapeli. Hoja ni kwamba utaratibu mzuri umepewa kazi usiyoiweza. Mtu mwenye bidii huanza kuamini kwamba kwa kuwa amejiandaa asubuhi, soko linamdai ujira jioni. Hapo ndipo penye hatari, na hatari hiyo humkabili mtumishi makini zaidi kuliko mzembe, maana mzembe hachelewi kukata tamaa.

Andalio la somo huzaa matunda kwa sababu mwanafunzi yuko upande wa mwalimu. Mtoto hashindani na anayemfundisha. Akielewa, wote wawili wamepata. Soko la sarafu si hivyo. Kila anayenunua yuko anayemwuzia, na katika biashara ya saa chache faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, baada ya dalali kukata chake. Kwa hesabu ya Benki ya Malipo ya Kimataifa, mwezi Aprili 2025 soko la fedha za kigeni liliendesha biashara ya takriban dola trilioni 9.6 kwa siku moja. Wanaoendesha sehemu kubwa ya biashara hiyo ni mabenki makubwa, mifuko ya uwekezaji na mashine zinazoamua kwa kasi isiyofikiwa na kidole cha mwanadamu. Nao wamejiandaa. Wana wachumi waliosoma kalenda ile ile ya habari tangu wiki iliyopita. Kwa hiyo maandalizi ya mwalimu wa Kibondo hayampi nafasi ya mbele. Yanamfikisha mlangoni tu. Zaidi ya hayo, katika mikataba mingi inayouzwa kwa wateja wadogo, anayesimama upande wa pili ni dalali mwenyewe.

Takwimu zilizokusanywa na mamlaka za nchi mbalimbali zinalingana kwa namna ya kutisha. Mwaka 2018 Mamlaka ya Masoko ya Dhamana ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na asilimia 89 ya akaunti za wateja wadogo katika mikataba ya aina hiyo hupoteza fedha. Mwezi Septemba 2024 mamlaka ya masoko ya mitaji ya India ilitoa hesabu ya miaka mitatu, ikaonyesha kuwa watu binafsi 93 katika kila 100 waliofanya biashara ya mikataba ya bei za mbele katika masoko ya hisa walipata hasara. Nchini Brazil, watafiti walifuatilia watu walioanza biashara ya kununua na kuuza ndani ya siku moja kati ya mwaka 2013 na 2015. Miongoni mwa walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha, na ni asilimia 1.1 tu waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara wa nchi ile.

Watetezi wa programu hizi watajibu kwamba walioshindwa ni wale wasio na nidhamu. Jibu hilo ni jepesi mno. Watu wa Brazil waliohesabiwa si wale waliojaribu wiki moja wakakimbia. Ni wale waliostahimili zaidi ya siku 300. Ustahimilivu haukuwaokoa. Nidhamu humwezesha mtu apoteze polepole badala ya kupoteza kwa haraka, na hilo si jambo dogo. Lakini kupoteza polepole bado ni kupoteza.

Hesabu ya mtaji

Tuseme mtumishi ameweka akiba ya shilingi 500,000, nayo ndiyo mtaji wake. Tuseme pia kwamba programu inamtoza ada ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Ada hiyo peke yake ni asilimia 5 ya mtaji. Maana yake ni kwamba kabla hajapata hata senti moja ya kumnunulia mtoto wake daftari, soko lapaswa kumpa asilimia 5 kila mwezi ili kengele ya asubuhi iendelee kulia. Kwa mwaka mzima ada hufika shilingi 300,000, yaani zaidi ya nusu ya mtaji wote.

Tuchukulie kwamba mtu huyo ni hodari kupita kiasi, na anapata asilimia 10 kila mwezi bila kukosa. Kiwango hicho, kikiachwa kijilimbikize, kingekuza mtaji zaidi ya mara tatu kwa mwaka. Hakuna mfuko wa pensheni duniani unaothubutu kuwaahidi wanachama wake jambo kama hilo. Hata hivyo, asilimia 10 ya shilingi 500,000 ni shilingi 50,000. Toa ada, zinabaki 25,000. Huo ndio ujira wa mwezi mzima wa kuamka alfajiri, kutazama chati, kuandika daftari na kulala na wasiwasi, kwa mtu hodari asiyekosea.

Ni hesabu hii ambayo huwavunja watu nidhamu, wala si udhaifu wa tabia peke yake. Mtaji mdogo ukifuata kanuni ya asilimia 1 hauwezi kulisha familia. Basi mtu huiacha kanuni. Dalali yuko tayari kumsaidia kwa kumkopesha uwezo wa kushika mali kubwa kuliko fedha zake. Nchi za Ulaya ziliweka ukomo mwaka 2018: kwa sarafu kuu, mteja mdogo hawezi kushika zaidi ya mara 30 ya dhamana yake. Lakini madalali walioandikishwa katika visiwa vya mbali hutoa hata mara 500. Kwa kiwango hicho shilingi 500,000 hushika mali ya shilingi milioni 250. Bei ikienda kinyume kwa asilimia 0.2, yaani shilingi 2 katika kila shilingi 1,000, mtaji wote umekwisha. Mwendo wa namna hiyo hutokea katika siku ya kawaida, kabla ya kengele ya chakula cha mchana.

Jambo huwa baya zaidi pale mtaji wenyewe unapokuwa wa kukopa. Kila mtumishi wa umma anaifahamu kanuni ya theluthi moja, inayozuia makato kumaliza mshahara mzima. Kanuni hiyo iliwekwa kwa hekima, ili mtumishi asifike kazini akiwa amekwisha kuuzwa. Mikopo ya simu huipita kando, kwa kuwa haipiti katika karatasi ya mshahara. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliorodhesha majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Mwananchi aliyeipa mikopo ya masharti magumu jina la "kausha damu" hakukosea. Mtu anayechukua mkopo wa aina hiyo ili aupeleke katika soko la sarafu ameweka moto chini na upepo juu, na hakuna programu ya maandalizi iwezayo kumsitiri.

Saa za nani?

Liko jambo jingine ambalo halitajwi katika matangazo ya programu hizi, nalo ni saa. Soko la London, lenye biashara kubwa kuliko yote katika sarafu, huamka saa 2 asubuhi kwa saa za kule. Kwa Tanzania hiyo ni saa 4 asubuhi katika miezi ya kiangazi cha Ulaya, na saa 5 asubuhi katika miezi ya baridi yao. Ndizo saa za vipindi vya asubuhi, watoto wanapokuwa na akili changa. New York huchangamka kuanzia saa 9 alasiri au saa 10, kwa kutegemea majira. Takwimu za ajira za Marekani, ambazo hutikisa bei kuliko karibu habari nyingine zote, hutolewa saa 9 na nusu alasiri katika majira ya kiangazi chao, dakika ile ile ambayo ofisi za umma zinafunga milango. Anayetaka soko la Tokyo itambidi awe macho saa 9 usiku.

Kwa hiyo kengele ya programu haimwiti mtu katika saa zake mwenyewe. Inamwita katika saa ambazo amekwisha kulipwa na umma ili azitumie kwa umma, au katika saa ambazo mwili wake unahitaji usingizi ili kesho yake afundishe. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma zinamtaka mtumishi autumie muda wa kazi kwa kazi. Mwuguzi wa hospitali ya wilaya anayechungulia chati kati ya mgonjwa na mgonjwa, au mwalimu anayewapa wanafunzi zoezi la kunakili ili aone London imefunguka vipi, hajaiba fedha ya mtu. Ameiba kitu ambacho hakirudishwi. Mtoto wa darasa la nne huko Heru Ushingo au Mabamba hana mwalimu wa akiba.

Wapo wasemao kwamba si lazima kukimbizana na saa. Chati ya siku nzima inaweza kutazamwa jioni mara moja na kufungwa. Ni kweli, na anayefanya hivyo anastahili sifa kuliko wenzake. Lakini amebakiwa na hesabu ya mtaji iliyokwisha elezwa, na amebakiwa na swali moja la kuiuliza programu yake: katika siku 20 za soko, ni siku ngapi ilimwambia "leo usifanye lolote"? Maandalizi ya kweli mara nyingi huishia katika kuacha. Mkulima hutazama mbingu na kuahirisha kupanda. Lakini programu inayoishi kwa ada ya kila mwezi, na dalali anayeishi kwa tozo ya kila biashara, hawana sababu ya kufurahia siku ambayo mteja amekaa kimya.

Nyanda hizi za Buha zina kumbukumbu ya kale juu ya wakala. Wakati wa utawala wa kikoloni, Kasulu na Kibondo zilifanywa chemchemi ya nguvukazi kwa mashamba ya mkonge ya Tanga. Shirika la kuandikisha vibarua wa mkonge, SILABU, lilianzishwa mwaka 1944, na vijana wa Kiha wakasafirishwa safari ndefu kwenda huko, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa namba katika daftari. Kazi ya wakala ilikuwa kupata watu. Namna watakavyorudi nyumbani, na watarudi na nini, halikuwa jukumu lake. Leo yupo wakala mwingine, anayelipwa na dalali wa mtandaoni kwa kila mteja aliyemleta na kwa kila biashara ambayo mteja huyo ataifanya, ashinde au ashindwe. Huyo ndiye aghalabu huonyesha picha za magari na hoteli. Mtumishi anayealikwa na ajiulize mwaliko huo unamlipa nani.

Soko lililo mlangoni

Yasisemwe haya ikadhaniwa kwamba mtumishi wa umma anakatazwa kuwekeza. Kulikuwa na wakati ambapo alikatazwa. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yalimzuia kiongozi, pamoja na mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu, kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991 yalilegeza masharti hayo, na mwezi Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara. Uhuru huo upo, nao una njia zake zilizo chini ya usimamizi wa sheria: hisa za kampuni zilizoorodheshwa, ambazo sasa hununuliwa hata kwa programu ya Hisa Kiganjani, vipande vya Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005, na hati fungani za Serikali. Njia hizo zina hatari zake na hazimtajirishi mtu kwa msimu mmoja. Lakini hazidai saa 4 asubuhi ya mwalimu, wala hazimalizi mtaji kwa mwendo wa shilingi 2 katika 1,000.

Na uko uwanja mwingine, ambao utaratibu ule wa asubuhi ungeufaa zaidi kuliko soko la yen na pauni. Uwanja huo ni soko la nyanda za juu zenyewe. Hapa maharage huvunwa zaidi ya mara moja katika msimu wa mvua. Mahindi, mihogo, ndizi, kahawa na asali ya Kibondo huuzwa kila wiki. Bei hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mtu wa Kasulu anaweza kuziona kwa macho: mvua, barabara, idadi ya malori, na mahitaji ya upande wa pili wa mpaka. Hapa anayejiandaa anamzidi kweli asiyejiandaa, kwa kuwa anachokijua hakijulikani na mashine ya London.

Pamoja na hayo, biashara hii hufanywa mara nyingi bila daftari. Mfanyabiashara hununua gunia kwa kubahatisha uzito. Mkulima hukubali lumbesa, ingawa sheria ya vipimo inaikataza, kwa sababu hana mizani na ana haraka ya ada ya shule. Mzigo huwekwa ghalani bila kukaushwa vizuri, wadudu wakautoboa. Hakuna aliyeandika mapema atauza kwa bei gani, wala atakubali hasara kwa bei gani. Ikifika siku ya shida, kila kitu huuzwa kwa bei yoyote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema hivyo kabla ya simu kuwako.

Hebu ufikiriwe utaratibu ule ule ukihamishwa. Kabla ya mnada, mwenye duka la nafaka ajiulize: bei ya wiki iliyopita ilikuwa ngapi hapa, na ngapi Kigoma mjini? Mamlaka ya Hali ya Hewa imesema nini juu ya mvua za msimu? Nauli ya lori imebadilikaje tangu ujenzi wa barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu? Nina mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa? Nitanunua magunia mangapi, na nikikosea nitapoteza kiasi gani bila kugusa ada ya mtoto? Jioni aandike. Maswali hayo hayahitaji ada ya mwezi. Yanahitaji daftari la kurasa 96 na kalamu.

Hata fedha za kigeni zenyewe zipo mlangoni. Kwa mfanyabiashara wa Mabamba au Manyovu, sarafu inayomgusa ni faranga ya Burundi, ambayo ilishushwa thamani mwezi Mei 2023, na ambayo bei yake ya benki na bei yake ya mtaani zimekuwa mbalimbali. Aliyekubali malipo ya faranga bila kujua habari hizo alipata somo la biashara ya sarafu pasipo kujiandikisha. Vivyo hivyo mkulima wa kahawa. Kahawa ya arabika ya nyanda za Kigoma, ile inayopitia vyama vya msingi na ushirika wa KANYOVU, bei yake huvutwa na soko la New York, ambalo mwezi Februari 2025 lilifikia kiwango cha juu kuliko vyote vya nyuma, zaidi ya dola 4 kwa ratili. Ni wakulima wangapi waliokuwa na habari hizo siku walipojadiliana bei?

Hapa ndipo mwalimu na mtumishi anapoweza kuutumia ujuzi wake kwa faida yake na ya jirani zake. Yule aliyejifunza kusoma chati na kalenda ya uchumi anaweza, jioni, baada ya kazi, kuandika kwenye ubao wa chama cha msingi bei ya kahawa ya New York, kiwango cha kubadilisha faranga, na utabiri wa mvua. Mwalimu wa hisabati anaweza kuyafanya hayo kuwa zoezi la asilimia na grafu kwa wanafunzi, ambao wengi wao ni watoto wa wakulima hao hao. Chama cha akiba na mikopo cha watumishi kinaweza kumtaka kila mwombaji wa mkopo wa biashara alete karatasi moja yenye hatua zile zile: ananunua nini, kwa bei gani, atauza lini, na kikomo cha hasara yake ni kipi. Huo ungekuwa utaratibu wenye kazi ya kufanya.

Ama kwa yule ambaye bado moyo wake uko katika soko la sarafu za dunia, hapana budi azingatie mambo manne. La kwanza, asiingize shilingi yoyote ya mkopo, wala ya ada, wala ya matibabu. La pili, afanye mazoezi kwa akaunti isiyo na fedha halisi kwa mwaka mzima, aandike kila kitu pamoja na ada na tozo, kisha aisome hesabu hiyo mbele ya mke au mume wake. La tatu, kabla ya kutuma fedha kwa dalali yeyote, aulize Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama dalali huyo anatambuliwa nchini. Nchini Kenya kuna kanuni za biashara hiyo tangu mwaka 2017, na madalali wenye leseni wanajulikana kwa majina. Lakini leseni ya nchi nyingine haimlindi mtu wa Kasulu anapodhulumiwa. La nne, kengele ya simu izimwe katika saa za kazi. Hilo la nne si ushauri kama yale matatu. Ni wajibu.

Kujiandaa ni jambo la heshima, na anayejiandaa kila asubuhi ameonyesha kwamba hataki kuishi kwa bahati. Juhudi ya namna hiyo haipaswi kudhihakiwa, inapaswa kuelekezwa. Asubuhi ya mtumishi ni moja tu. Akiitoa kwa soko lisilomjua, soko halitakumbuka. Akiitoa kwa darasa, na jioni yake akaitoa kwa biashara anayoiona na kuipima kwa mizani, yatakuwapo mavuno ya kuhesabiwa, na daftari litakalosema yametoka wapi.